Samaki wa Soga na Ardhi Tuliyoiita Tupu

Mwaka 1979, wakati Tanzania ikihesabu gharama za vita dhidi ya Idi Amin, wapenzi wawili wa samaki, Rudolf Wildekamp na H. O. Berkenkamp, walichapisha kwa Kijerumani maelezo ya spishi mpya. Samaki wao hakuzidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Alitoka kwenye maji ya msimu katika eneo la Soga, Kibaha, pale Reli ya Kati inaposhuka kutoka vilima vya Pugu kuelekea bonde la Ruvu. Walimwita Nothobranchius foerschi, kwa heshima ya Walter Foersch, Mjerumani aliyesifika kwa ufugaji wa samaki wa jamii hii.

Kwa Mtanzania wa kawaida, Soga ni jina la kituo cha treni. Kwa kundi dogo la watu walioko Hamburg, Prague au Chicago, Soga ni jina la samaki. Nimekulia Mlandizi, si mbali na hapo, na nilijua habari hizi nikiwa nimeshamaliza chuo. Nilikuwa nasoma historia ya Kibaha na Kisarawe: reli, misheni, mradi wa nchi za Nordiki ulioanza Kibaha mwaka 1963 na kuzaa Shirika la Elimu. Katikati ya habari hizo za watu na majengo, nikakuta samaki. Nikaanza kumfuata.

Dume la samaki huyu ni zuri kuliko unavyotegemea kwa kiumbe anayeishi kwenye tope. Mwili wake una rangi ya bluu inayong'aa, magamba yana kingo nyekundu, na mkia wote ni mwekundu. Jike ana rangi ya kijivu cha udongo, rangi ya busara mahali ambapo korongo na mnandi wanatafuta chakula. Wote wawili wanaishi miezi michache tu. Mvua ikinyesha na bwawa likajaa, wanaanguliwa. Wanakula wadudu wa maji, viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine, wanakua kwa haraka, wanapevuka baada ya wiki chache na kuanza kutaga mayai ndani ya tope, machache machache kila siku. Kiangazi kinapoingia, maji yanakauka, na samaki wote wanakufa. Hakuna anayebaki. Kinachobaki ni mayai yenye ukubwa wa kama milimita moja, ndani ya udongo ambao sasa umepasuka na kukanyagwa na ng'ombe.

Mayai hayo yanangoja. Mwaka 1972, mwanabiolojia John Wourms alieleza kwa kina jinsi yanavyongoja: kiinitete kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu tofauti, na mayai yaliyotagwa siku moja hayalazimiki kwenda pamoja. Mengine yako tayari kwa vuli. Mengine yanasubiri masika. Mvua ya kudanganya ikinyesha na kukatika baada ya wiki moja, waliowahi kuanguliwa wanakufa, lakini wenzao waliochelewa bado wamo udongoni. Mkulima yeyote wa Pwani anaielewa hesabu hii. Hapandi mbegu zote siku ya mvua ya kwanza.

Kwa hiyo tusikubali haraka maelezo mepesi kwamba samaki huyu yuko hatarini kwa sababu mahali pake panakauka. Kukauka ndiko kulikomtengeneza. Bwawa lisilokauka kamwe lina kambare na samaki wengine wakubwa ambao wangemmaliza. Ukame umekuwa ukuta wake kwa maelfu ya miaka. Hatari yake iko kwingine, na kuiona inabidi turudi nyuma kidogo.

Mtu wa kwanza kuwaweka ndugu wa samaki huyu kwenye vitabu vya sayansi alikuwa Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji miaka ya 1840. Alieleza mmoja wao kutoka Quelimane mwaka 1844, na mwaka 1868 akaunda jina la jenasi, Nothobranchius, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha matamvua ya uongo. Mwaka 1888 Franz Stuhlmann alifika Zanzibar. Alikusanya wanyama Unguja na pwani, akawapeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa makumbusho ya Hamburg akatangaza samaki mdogo wa Unguja tunayemjua leo kama Nothobranchius guentheri. Jina lilimtukuza Albert Günther, bingwa wa samaki katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Tarehe hizo zina uzito wake huku kwetu. Stuhlmann alikuwa akijaza chupa zake za spiriti katika miaka ileile ambayo pwani ilikuwa inawaka. Abushiri bin Salim na wenzake walisimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, na Januari 1889 misheni ya Wabenediktini pale Pugu ilishambuliwa na kuteketezwa. Simaanishi kwamba aliyekusanya samaki ndiye aliyeleta mizinga. Nasema kwamba orodha ya viumbe wetu na ramani ya utawala juu yetu ziliandikwa katika kipindi kimoja, mara nyingi kwa lugha moja, na zilipitia njia zilezile.

Njia ikawa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilianza kusini, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Ilipanda Pugu, ikashuka Soga, ikavuka Ruvu. Mjenzi wa reli anapenda ardhi tambarare, na ardhi tambarare katika eneo hili mara nyingi ndiyo inayotuama maji. Tuta la reli linahitaji udongo, na udongo unachimbwa pembeni. Shimo likibaki wazi, masika hulijaza. Barabara nayo ni hivyohivyo: kalvati, mtaro, shimo la kifusi. Wakusanyaji wa samaki waliokuja baadaye, katika karne ya 20, walikuwa wasafiri wa gari. Walisimama palipokuwa na maji kando ya njia, wakatumbukiza wavu, wakaandika umbali kutoka kijiji cha jirani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu samaki hawa ni kile kinachoonekana kutoka barabarani.

Njia hiyohiyo iliyomleta samaki kwenye vitabu ndiyo iliyokata mabwawa yake. Tuta likizuia maji upande mmoja, bwawa la upande wa pili linakosa kujaa. Miundombinu ilimpa makazi mapya kwenye mashimo yake na kumnyang'anya ya zamani, bila mtu yeyote kukusudia lolote kati ya hayo.

Kuna jambo lingine lililochelewa kueleweka. Ukiangalia ramani, unaweza kudhani kila dimbwi la msimu kati ya Kisarawe na Ruvu lina samaki hawa. Sivyo. Brian Watters, mwanajiolojia ambaye amewafuatilia kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba samaki hawa wanafuata udongo. Wanahitaji udongo wa mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo unashika maji juu, na wakati wa kiangazi unayatunza mayai yasiungue wala kuoza. Udongo mwekundu, na ule wenye kaolini nyingi, hauwafai. Pugu na Kisarawe zinajulikana kwa kaolini yake nyeupe. Kwa hiyo dimbwi la mlimani linaweza kujaa maji mazuri masika yote lisiwe na samaki hata mmoja, huku dimbwi baya la matope bondeni likiwa limejaa rangi.

Maana yake ni kwamba hatuwezi kumwambia samaki ahamie kwingine. Makazi yake ni vipande, kama visiwa ndani ya nchi kavu. Bwawa moja likifukiwa, mayai yake hayana miguu. Mafuriko makubwa ya Ruvu yanaweza kuyaunganisha mabwawa kwa siku chache, lakini bwawa lililofunikwa kwa kifusi na kushindiliwa halifunguliwi na mafuriko.

Jenasi hii sasa ina zaidi ya spishi 90, na Tanzania ni moja ya nchi zenye aina nyingi zaidi. Nilipokuwa napitia majina yao niliona kama nasoma kitabu cha wageni hotelini. Eggersi wa Rufiji, Gerd Eggers. Korthausae wa Mafia, Edith Korthaus. Luekei, lourensi, janpapi. Wachache wamepewa majina ya mahali au ya watu wa hapa: kilomberoensis wa Kilombero, makondorum kwa heshima ya Wamakonde. Sina ugomvi na Walter Foersch. Mtu aliyetumia maisha yake kujifunza jinsi ya kuyaangua mayai haya anastahili kukumbukwa. Lakini jina ni njia ya kumfikiria kitu mtu asipokuwepo. Kijana wa Soga akisema samaki wadogo, na mwenye akwaria wa Munich akisema foerschi Soga, ni wa Munich ndiye mwenye neno la kumtofautisha huyu na yule.

Na wafugaji hao wamefanya jambo ambalo mwanahistoria hana budi kuliheshimu. Mayai haya yanasafiri kwa posta, ndani ya mfuko mdogo wa mboji yenye unyevunyevu. Juu ya mfuko huandikwa jina la samaki, mahali alipotoka, na mara nyingi alama fupi ya nchi, mwaka na namba ya safari ya ukusanyaji. Wafugaji makini hawachanganyi samaki wa bwawa moja na wa bwawa lingine hata kama ni spishi moja. Kwa hiyo kuna nyaraka hai za mabwawa ya Pwani zinazotunzwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Ulaya, kizazi baada ya kizazi. Siku mabwawa yetu yatakapokwisha, jina la Soga litaendelea kuandikwa kwenye mifuko hiyo, kama vile mtu anavyoendelea kuitwa kwa jina la kijiji ambacho hakipo.

Sisi je, tumewahi kumhitaji samaki huyu? Ndiyo, angalau kwenye karatasi. Katika enzi ya Waingereza, F. L. Vanderplank, mtafiti aliyefanya kazi Tanganyika, aliandika kwamba samaki wa jamii hii wangeweza kusaidia kupambana na malaria kwa sababu wanakula viluwiluwi vya mbu, tena kwenye maji ya msimu ambako samaki wengine hawafiki. Wazo hilo limerudi mara kadhaa tangu hapo. Si dawa kamili. Mbu wa malaria wanazaliana hata kwenye maji yaliyojaa alama ya kwato. Lakini nafikiria Kibaha ya leo, yenye kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba ili kuua viluwiluwi kwa bakteria. Ni kazi nzuri na inahitajika. Kilomita kadhaa kutoka hapo, kwenye matope, kuna kiumbe aliyekuwa akiifanya sehemu ya kazi hiyo bila mshahara tangu kabla ya sisi kuwa na neno kiwanda.

Dunia ya sayansi nayo imekuja kumtaka kwa sababu nyingine: ufupi wa maisha yake. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ni miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo wanaozeeka haraka zaidi wanapofugwa maabara. Mwaka 2015 jenomu yake ilichapishwa, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba porini anaweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Kabla yake, guentheri wa Unguja ndiye aliyetumika katika tafiti za uzee miaka ya 1970. Maabara kubwa zinauliza samaki hawa kwa nini tunazeeka. Wakati huohuo, mapitio ya Béla Nagy na Brian Watters kuhusu hali ya jenasi hii yanaonyesha kiwango kikubwa cha tishio, na sababu kuu ni moja: makazi yao yanabadilishwa.

Neno hilo, kubadilishwa, nimeliona kwa macho.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natafuta kiwanja. Kama vijana wengi wa umri wangu, nilitaka mahali pa kujenga kabla bei haijanikimbia. Dalali alinipeleka ndani ya wilaya ya Kibaha, mwezi wa tisa. Ardhi ilikuwa nyeusi, imepasuka, imenyooka kama meza. Bikoni zilikuwa zimeshasimama.

"Mkubwa, hapa ni pakavu, hakuna hata mti wa kukata," aliniambia. "Ardhi tupu kabisa."

Nyumba ya jirani alikaa bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga barazani. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nakuja kununua pale. Nikamwambia naangalia.

"Hapo ni bwawani, mwanangu," akasema. "Uje mwezi wa nne uangalie tena."

Sikukinunua. Mwishowe nilipata kwingine, upande wa Kisarawe, mlimani, kwenye udongo mwekundu. Kile kiwanja cha bondeni kilinunuliwa na mtu mwingine, na nilipopita tena kilikuwa kimejazwa kifusi, msingi umepanda. Sitaki kumlaumu aliyejenga. Alikuwa na familia na akiba kama yangu. Ila maneno ya yule bibi yamenikaa, kwa sababu katika sentensi mbili alikuwa ametoa historia ya mahali pale, na historia hiyo haikuwa kwenye karatasi yoyote niliyoonyeshwa.

Ardhi tupu ni neno la zamani hapa. Walipima reli kwa neno hilo. Walitenga mashamba ya mkonge kwa neno hilo. Sasa linatumika kwa viwanja, kwa mashimo ya mchanga, kwa maeneo ya viwanda. Kibaha inakua haraka, na ina sababu: Dar es Salaam imejaa. Tarehe 12 Aprili 2017, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa pale Pugu. Juni 2024 abiria wakaanza kusafiri hadi Morogoro. Reli hiyo ina vituo Pugu, Soga na Ruvu, majina yaleyale ya mwaka 1907, na bandari kavu imejengwa Kwala. Nimepanda treni hiyo na nimeifurahia. Ukipita msimu wa masika, utaona maji yakimetameta pembeni ya tuta kwa sekunde chache kabla hayajapotea nyuma yako.

Hoja yangu haiko dhidi ya reli wala nyumba. Iko kwenye kalenda. Ukipima eneo la Soga mwezi wa tisa, hutamkuta samaki, kwa sababu hayupo. Yupo kama yai ndani ya udongo unaosimama juu yake. Utaandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna viumbe wa majini. Ripoti yako itakuwa sahihi kwa siku uliyofika na potofu kwa mwaka mzima.

Sheria nayo imeandikwa kwa kufikiria maji yanayoonekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Ni kinga muhimu, na Mto Ruvu unaihitaji, maana wakazi wa Dar es Salaam wanakunywa kutoka humo. Lakini dimbwi la msimu lina ukingo gani? Mwezi wa nne ukingo uko pale kwenye mwembe. Mwezi wa sita umerudi hatua hamsini. Mwezi wa tisa haupo. Mpimaji anashika kamba na hana pa kuifunga.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imepata watetezi, na inastahili. Ina miti na ndege wasiopatikana kwingi. Msitu una faida ya kuonekana mwaka mzima. Dimbwi halijapata bango wala mlinzi.

Hata hivyo, kinachotakiwa hapa si kikubwa, na ndiyo maana kukikosa kunauma. Samaki huyu hahitaji hifadhi yenye geti na magari ya watalii. Bwawa moja lenye ukubwa wa uwanja wa shule, likiachwa lijae na kukauka kwa wakati wake, linatosha kwa vizazi visivyo na idadi. Mabwawa machache ya udongo mweusi kati ya Soga na Ruvu yangeweza kuwekwa kwenye ramani za mipango miji kama maeneo ya wazi ya kupokea maji ya mvua, kazi ambayo miji yetu inaililia kila mafuriko yanapokuja. Tathmini za mazingira katika bonde hili zingeweza kulazimika kufanyika masika, si kiangazi peke yake. Walimu wa baiolojia wa Kibaha na Kisarawe wangeweza kuwapeleka wanafunzi na nyavu za chandarua chakavu mwezi wa tano, wakaandika walichokiona na tarehe. Baada ya miaka kumi tungekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna makumbusho ya Ulaya inayo.

Na tungempa jina. Halilazimiki kuwa la kitaalamu. Lingetoka kwa watoto wanaomvua kwa kanga na kopo, kwa wachungaji wanaonywesha ng'ombe pale, kwa bibi anayejua kwamba uwanja wa mwezi wa tisa ni bwawa la mwezi wa nne.

Hati ya kiwanja changu cha Kisarawe ina namba, ukubwa wa mita za mraba, na mipaka minne. Nimeisoma mara nyingi, mbele na nyuma. Haina mahali pa kuandika msimu.